Marahaba Bila Shikamoo

Asubuhi yangu ya kwanza Istanbul nilishuka ngazi za hoteli, kamera shingoni, na kijana wa mapokezi akanikaribisha kwa neno moja: "Merhaba." Nikasita. Muuza mikate ya simit mlangoni naye, "Merhaba." Nikapinda kona nikakutana na bibi anayekokota kikapu cha sokoni chenye magurudumu, mtu wa umri wa kunizaa mara mbili, naye, "Merhaba." Mimi ni mtoto wa Tanga, niliyefunzwa kuamkia hata kabla ya kunawa uso. Nikajiona nimefumaniwa. Mji mzima unaniitikia shikamoo ambayo sijaitoa!

Ilinichukua nusu siku kukubali kwamba kwa Waturuki hiyo ndiyo salamu yenyewe, mdogo kwa mkubwa na mkubwa kwa mdogo, na jibu lake ni hilohilo. Lakini yule bibi sikuthubutu kumjibu marahaba. Niliinama kidogo nikamwambia shikamoo yangu kwa Kiswahili, wazi kabisa. Akacheka, akatia mkono kikapuni, akanipa chungwa. Kupewa chungwa mtu anayetoka jirani na Muheza ya machungwa ni kama kupelekewa maji mtoni, ila nililipokea kwa mikono miwili, kisha nikaonyesha kamera kwa kidole. Akanyoosha mkono tena, na chungwa jingine, nami nikapiga: mkono wenye mikunjo, chungwa, na nyuma yake ukungu wa Januari. Mpaka leo sina picha ya Istanbul ninayoipenda kuliko hiyo. Ushauri wa kwanza kwa anayetoka na kamera kwenda ugenini ni huo, na kama huna muda wa kusoma mingine, ishia hapo: mdomo utangulie, kamera ifuate.

Niseme mapema kwamba sikwenda kule kama mpiga picha. Nilikwenda kama mchukuzi. Dada yangu ana duka la nguo Kariakoo, na kila baada ya miezi kadhaa hupanda ndege kufuata mzigo Laleli, mtaa wa Istanbul unaouza nguo kwa jumla, ambako ukitaka gauni moja unaonekana umepotea njia. Unachukua seti nzima, saizi zote. Safari hiyo alinichagua mimi kwa sababu mbili alizozitaja bila haya: nina mgongo, na harusi za kupiga picha mwezi ule zilikuwa chache. Kamera niliificha chini ya sweta mpaka tulipovuka meza ya uhamiaji Dar es Salaam, asije akaniambia niirudishe nyumbani.

Kwa hiyo haya si maneno ya mtalii mwenye nafasi. Wengi wetu tunaosafiri tunakwenda kwa jambo jingine: tumepeleka mgonjwa, tumefuata mzigo, tumeitwa semina. Hatuna wiki mbili za kungojea jua lizame vizuri. Tuna saa moja kati ya dukani na ofisi ya kago, na katika saa hiyo tunataka picha.

Basi usipoteze dakika kumi za saa hiyo ukibishana na programu ya tafsiri kwenye simu. Sikiliza kwanza. Kituruki na Kiswahili havina undugu wa damu hata kidogo, lakini vyote viwili vilikopa duka moja, kwa Waarabu na Waajemi, na madeni yanafanana. Kitabu kwao ni kitap. Sabuni ni sabun, kalamu ni kalem, dunia ni dünya, habari ni haber. Duka lenyewe ni dükkan. Ukimaliza kula unaomba hesap, na hesabu inaletwa. Na dakika ni dakika, haikubadilika hata herufi. Mwenye duka akikuambia "bir dakika", dakika moja, ujue ni ndugu ya ile dakika moja ya fundi cherehani wa kwenu. Siku ya pili nilikuwa nimekwisha kusanya maneno kama thelathini bila kufungua simu, na kila neno lilikuwa mlango. Ukimwambia mtu kwamba kwenu pia kitap ni kitabu, anaacha alichokuwa akifanya. Anataka na mengine. Anamwita mwenzake aje asikie. Hapo huhitaji tena kuomba ruhusa ya picha. Wanapanga wenyewe nani akae mbele.

Lakini duka hilohilo la maneno lina mtego, na mimi ulininasa kwa tumbo. Mpiga picha wa harusi pilau anaijua kwa harufu kabla ya kuona sufuria. Nilipoona kwenye ubao wa mgahawa neno pilav, nilikaa, nikakunja mikono ya shati. Kikaja wali mweupe, mweupe kama cheti cha ndoa, umechanganywa na vijitambi vilivyokaangwa, hauna nyama, hauna bizari nzima, hauna hata kumbukumbu ya karafuu. Hiyo ndiyo pilav. Na mgahawa wenyewe ulikuwa kwenye ule mstari wa migahawa iliyo mbele ya msikiti wa Süleymaniye, ambao umaarufu wao wote ni sahani ya maharage meupe yaliyopikwa kwa nyanya. Kwa hiyo niliruka zaidi ya saa saba angani kwenda kula wali maharage. Dada hakunionea huruma. "Ungenieleza mapema, mdogo wangu," alisema, "ningekufungia kwenye kopo kutoka nyumbani."

Kulikuwa na mtego wa pili, nao ni wa saa. Tanzania na Uturuki hazipishani hata dakika: tangu 2016 Waturuki wameacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, wako saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima kama sisi. Nikajisifu kwamba hapo angalau sina pa kukosea. Mzee mmoja wa chai, jirani na duka alilokuwa akinunua dada, aliniahidi kwamba nikirudi kesho atanipeleka juu ya paa la jengo lao, mahali pa kupigia picha bahari. Lini? "Saat üç," akasema, akainua vidole vitatu. Saat ni saa, vidole ni vitatu. Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni, nimekoga, nimechana nywele. Pamefungwa. Mzee alimaanisha saa tisa alasiri, maana kwao saa inahesabiwa kuanzia usiku wa manane, na mimi nilikuwa nimemtangulia kwa saa sita kamili. Tangu siku hiyo sikubaliani saa na mtu kwa mdomo. Ninaandika 15:00 kwenye kiganja, namwonyesha, anatikisa kichwa, tunaachana.

Walakini kosa lile lilinipa kitu. Istanbul iko kwenye nyuzi 41 kaskazini mwa ikweta, na kwa vile saa zao hazirudishwi nyuma, jua la Januari huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Kwetu saa tatu asubuhi jua limekwisha kuwa kali, vivuli vimeanza kufupika na uso wa bibi harusi unang'aa kama kikaango. Kule saa tatu ndiyo kwanza linajinyoosha. Mwanga ulikuwa umelala ubavu barabarani, wa rangi ya asali, kila jiwe la barabara ile ya kale lina kivuli chake, na wachukuzi wenzangu wa Laleli wakipandisha mikokoteni wanavuta vivuli virefu kuliko majengo. Nilisimama pale nikapiga mpaka vidole vikafa ganzi.

Hili walimu wetu wa mitaani hawatufundishi, kwa sababu wao na sisi tunaishi chini ya jua moja. Tunaambiwa usipige saa sita mchana, na kwa Dar es Salaam ni kweli. Lakini jua la adhuhuri Istanbul, Januari, hupanda kama theluthi tu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, halafu linaanza kushuka. Mchana kutwa ni kama alasiri. Ukienda miezi hiyo, usilale mchana ukingoja jioni. Ukienda Juni mambo yanageuka: jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kuzama kama saa mbili na nusu usiku, na anayetaka mwanga wa asali atachelewa chakula cha jioni. Kabla ya kusafiri popote, tazama saa za kuchomoza na kuzama kwa jua za mji ule kwa mwezi ule. Ni kazi ya dakika moja, na hapa namaanisha dakika kweli.

Baridi nayo ina adabu zake. Betri ya kamera hufa mapema kwenye baridi, kwa hiyo ile ya akiba ilale mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukitoka nje kwenye baridi ukaingia nyumba ya chai iliyojaa mvuke, usitoe kamera mara moja. Lenzi italia machozi. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi, unywe chai. Kwenye ndege betri za akiba na powabenki ni za mkononi, haziingii kwenye sanduku la kupakiwa chini, na powabenki isizidi saa-wati 100 bila idhini ya shirika; ile ya kawaida ya mAh 20,000 ina kama 74, haina tatizo. Na plagi! Kwetu tumezoea plagi ya miguu miwili kuifungulia njia kwa kalamu kwenye tundu la juu la soketi. Kule ni kinyume: soketi zina matundu mawili ya duara, na chaja yako ya miguu mitatu ya bapa haiingii kwa kalamu wala kwa dua. Nunua adapta Kariakoo kabla hujaondoka.

Turudi kwa watu, maana mawe yamekwisha pigwa picha. Ara Güler, aliyezaliwa Istanbul mwaka 1928 akafariki mwaka 2018, alipiga mji ule kwa picha nyeusi na nyeupe kuanzia miaka ya 1950, na ukizitazama utaona misikiti na minara imekaa nyuma kama pazia la ukumbini, mbele yupo mvuvi, baharia, mtoto anayekimbia kwenye matope. Zitazame kabla hujaenda. Kisha nenda daraja la Galata, ambako wavuvi bado wamejipanga ukingoni bega kwa bega, fimbo za ndoano zimeinama kama minazi ya pwani, ndoo pembeni zikiwa na samaki wadogo waitwao istavrit.

Hapo nilipata somo la msonyo. Nilimsogelea mzee mmoja, kamera mkononi, nikainua nyusi kuuliza. Naye akainua nyusi, akarudisha kichwa nyuma, akatoa mlio wa ulimi: "Cık." Damu ikanipanda. Kwetu ukimsonya mtu hadharani umemtukana na waliomzaa. Nikaondoka nimevimba, nikaenda kumshitaki kwa dada, ambaye amekwenda kule mara nyingi na hana subira na mimi. Akaniambia ule si msonyo, ni hapana. Nyusi juu, kichwa nyuma, ulimi unagonga: hapana, basi, bila ubaya wowote. Na mimi ndiye niliyeanza, kwa kumwinulia nyusi mtu mzima. Kwa macho yake nilikuwa nimesogea, nikasema hapana, nikasimama.

Nikarudi kesho yake bila kuinua chochote. Nikasema merhaba, nikaongeza amca, maana kule mzee humwiti bwana. Ni amca, ami yako, hata kama mmekutana sasa hivi; mama wa makamo ni teyze, mama mdogo; kijana aliyekuzidi kidogo ni abi, kaka; dada mkubwa ni abla. Sisi tunaoita kila mwanamke mama na kila mwanamume baba tunaingia humo bila kubadili viatu. Amca akanisogezea kiti cha plastiki. Nikakaa. Alinishikisha fimbo, nikavua vijisamaki viwili na soksi moja ya mtu, na nilipotoa kamera hakuigeukia hata kuitazama, jambo ambalo ndilo nililokuwa nikilitaka tangu jana.

Akikataa mtu, basi, geuka. Usimwibie kwa lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya barabara. Mtoto, muulize mzazi. Msikitini, Ijumaa mchana wanaosali waachiwe msikiti wao, na siku nyingine usipite mbele ya anayesali wala usitumie flashi. Nenda na viatu vya kuvua haraka, na tafadhali kagua soksi zako. Mimi nilisimama ndani ya Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Sinan iliyokamilika mwaka 1557, mtu anakatika pumzi kwa kuba lile, na kidole gumba changu cha mguu kimechungulia nje nacho kushangaa.

Ukiona bango jekundu lenye umbo la mwanajeshi na maneno askeri yasak bölge, neno la kwanza unalijua. Funika lenzi, pita.

Kuna na ujanja wa mjini. Mng'arisha viatu anapita mbele yako na sanduku lake, brashi inadondoka, yeye anaendelea kama hakuona. Wewe mwenye utu unaiokota, unamkimbilia. Anakushukuru karibu kulia, anakwambia lazima akulipe wema, anapiga magoti anaanza kusugua viatu vyako, na akimaliza wema umekuwa na bei. Mimi nilijua habari hii, nimeisoma, nimeonywa. Brashi ilipodondoka mkono wangu uliinama wenyewe. Nilikuwa nimevaa raba za kitambaa. Alizipaka kiwi.

Paka sina ushauri, ila uache nafasi kwenye kadi. Wako kila mahali, wamelala juu ya marobota ya nguo, kwenye viti vya vivuko, mlangoni kwa benki, na watu wanawawekea maji na chakula barabarani. Jengo la kale la Ayasofya lilikuwa na paka wake, Gli, mwenye makengeza, ambaye Obama alimpapasa alipozuru pale mwaka 2009; Gli alikufa mwaka 2020 na magazeti yakaandika taazia. Mimi nilirudi na picha mia mbili na kumi za paka. Dada alizihesabu mwenyewe, kwa sauti, tukiwa foleni ya kago.

Shakwe ni kazi ngumu zaidi. Kivuko cha kutoka Eminönü kwenda Kadıköy huchukua kama dakika ishirini, unatoka Ulaya unaingia Asia ukiwa na glasi ya chai mkononi, na ndege hao huandamana na chombo wakidaka vipande vya simit vinavyorushwa na abiria. Weka kasi ya kamera sekunde 1/1000 au zaidi, panda ISO mpaka mwanga utoshe, piga mfululizo. Simit yako iwe mfukoni. Yangu ilikuwa mkononi.

Jambo la mwisho ni la nafsi yako mwenyewe. Mtu mweusi mwenye kamera kubwa kule ni kivutio. Nilikwenda kupiga nikaishia kupigwa. Wanafunzi waliniomba selfi, familia moja ilinikabidhi mtoto mchanga bila kuniuliza kama najua kumshika. Usikunje uso. Umeomba sura za watu wiki nzima, nao wanaomba moja. Kisha nawe mwombe mpita njia akupige, maana nyumbani watauliza. Ila usimpe kamera hivihivi. Mbingu za kule majira ya baridi ni nyeupe kama shuka, na kamera ikiachiwa uamuzi itapima mbingu, uso wako utabaki kivuli. Panga wewe: ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu juu ya kipimo, lenga usoni, ndipo umkabidhi. Mimi sikufanya hivyo. Picha yangu mbele ya mnara wa Galata, Mama aliisogeza karibu na miwani, akaisogeza mbali, akauliza, "Huyu ni wewe au ni nguzo?"

Nilimwonyesha zote, jioni nzima, kwenye televisheni ya sebuleni. Chungwa la bibi alilipita. Vivuli vya Laleli alivipita. "Wewe uko wapi?" aliuliza kila baada ya picha tano. "Hapa je, wewe uko wapi?" Mwishowe dada akachoka, akatoa simu yake, akamwonyesha moja aliyoipiga bila kulenga: mimi kwenye kilima cha Laleli, robota begani, robota mgongoni, mdomo wazi, kamera inaning'inia kifuani kama kengele ya mbuzi. Mama aliipeleka kusafishwa kesho yake. Sasa iko ukutani, fremu ya dhahabu, karibu na picha ya marehemu Baba, na kila mgeni huonyeshwa mwanangu alipokuwa akifanya kazi Uturuki. Ukiikaribia utaona kifuniko cha lenzi hakijatolewa.